Kalamu ya Chuma na Mgongo wa Lenah

Ukija Githongo siku ya harusi, ukaona wamama waliovaa dastikoti za kijani, yale makoti ya kazi, wakizunguka sufuria, usikimbilie kuangalia chakula. Chakula kitakuja tu. Angalia kwanza mgongo wa yule mrefu anayegawa mukimo wa viazi, mwenye shingo kama ya bata mzinga aliyesikia kelele. Huyo ni Lenah. Mgongoni kwake kumeandikwa kwa uzi mweupe: Ngwataniro. Ndilo jina la kikundi chetu cha upishi, maana yake kushikana. Sasa itazame ile g. Tazama mkia wake unavyoshuka, unapinda, unapita chini ya jina zima kama mto unaotafuta njia, unaenda kutulia chini ya o ya mwisho.

Mwandiko huo ni wangu. Mimi Karwirwa, Mama Mutegi, niliyeishia darasa la saba.

Nitaeleza ulivyofika mgongoni kwa Lenah, tena nitaeleza polepole, kwa sababu kila nikieleza hadithi hii nanenepa kidogo.

Kikundi chetu kinapika kwenye harusi na matanga. Tuna hema, tuna viti, tuna sufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Mwaka jana mwenyekiti wetu, Mama Mugendi, akasema tumechoka kufanana na watu waliojipitia wakapewa mwiko. Tushonewe dastikoti. Akamwita Gachoki, fundi wa kudarizi kutoka mjini Embu, kijana mwenye tumbo la mzee na adabu nyingi. Alikuja mpaka stoo yetu akatupima mabega, akiongea Kiembu chake ambacho tunakisikia kama mtu anavyomsikia jirani aliye nyuma ya migomba: maneno unayapata, ila unayategea sikio.

Akatuonyesha herufi za mashine. Zilikuwa zimenyooka kama jina kwenye gunia la mbolea.

"Hizi hapana," akasema Mama Mugendi. "Sisi si gunia."

"Basi mmoja wenu aandike kwa mkono wake," Gachoki akasema. "Siku hizi watu wanapenda hivyo. Yeye anaandika hapa kwenye tableti, mashine yangu inafuata mkono wake vile vile. Nani ana mwandiko mzuri?"

Hapo kikundi kizima kiligeuza shingo. Nusu walinitazama mimi, nusu walimtazama Lenah.

Lazima ujue jambo moja. Mimi na Lenah tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Tukiwa darasa la tano, mkaguzi wa shule alikuwa anakuja, na Mwalimu Kithaka akatafuta mtoto wa kuandika "Karibu Mgeni Wetu" ubaoni. Akatupima sote wawili, akamchagua Lenah. Alisema herufi za Lenah zinasimama wima kama nguzo za ua, na zangu zinacheza. Mgeni akaja, akasoma, akasifu, akaenda zake. Mimi nikapewa kazi ya kufuta ubao. Nilimeza chaki ya mwandiko wa Lenah, na mpaka leo nikikohoa naisikia.

Kwa hiyo Gachoki alipouliza nani ana mwandiko mzuri, hakujua anauliza nini. Mimi nilijua. Jina moja, migongo yote ya wamama wa Githongo, harusi hadi harusi, mpaka nguo zichakae. Na mmoja wetu atautembeza mwandiko wa mwenzake mgongoni.

"Leta hiyo," nikasema, nikanyoosha kidole.

Kioo hakikunijua. Nilipitisha kidole mara ya kwanza, hakuna kitu. Nikakandamiza kama mtu anayeua kupe, bado hakuna kitu. Gachoki akakitazama kidole changu.

"Shosho, hiki kidole kimeota sugu. Kioo kinataka ngozi laini."

"Kimechuma kahawa tangu baba yako hajatahiriwa," nikamwambia. "Kioo chako kitafute heshima."

Lenah akacheka, akajaribu chake. Kikaacha nukta moja tu, kama kinyesi cha nzi. Nikacheka mimi.

Mama Mugendi akauliza kwa nini tusiandike kwenye karatasi kama watu wa kawaida.

"Karatasi ilinitia aibu, mama," Gachoki akasema. "Kuna kwaya moja huko Kiambere waliniletea mwandiko wao kwenye karatasi. Mashine ikadarizi maneno, ikadarizi mikunjo, ikadarizi na alama ya kikombe cha chai. Mpaka leo wanaimba na duara kifuani." Akafunga tableti yake. "Lakini kuna kalamu za kisasa. Upande mmoja wino, upande mwingine ncha ya kuandikia kwenye kioo. Nikirudi wiki ijayo, kila mmoja aje na yake. Mtaandika wote wawili, wamama wachague."

Lenah hakungoja hata vumbi la pikipiki ya Gachoki litulie. Alimpigia simu mwanawe Kithinji, anayeuza katika duka la vifaa vya ujenzi kule Embu. Siku mbili baadaye kalamu ilishafika, na tukiwa kwenye foleni ya maziwa akaitoa kifuani kama mtu anayetoa kifaranga.

"Hii ina kazi sita," akasema. "Inaandika wino. Inaandika kioo. Ni rula. Ina pimamaji. Ukiifungua hapa, ni bisibisi. Na hapa nyuma," akaminya, "ni tochi."

Watu wa foleni wakasema eeh. Hata mwenye ng'ombe mgonjwa alisahau ng'ombe wake.

"Ni nzuri," nikasema. "Siku utakayojenga choo utaniita."

Lakini moyoni niliumia. Kesho yake nikavaa viatu vya kanisani nikaenda Meru mjini, kwa Sharifa.

Sharifa ana duka dogo karibu na soko. Anauza chaja, vifuniko vya simu, vifaa vya shule na kalamu. Namjua tangu akiwa na meno ya maziwa, kwa maana baba yake Swaib alikuwa mchinjaji, nami nilikuwa mteja wake wa matumbo. Swaib hakuwahi kunidanganya kwenye mizani, na binti amemrithi.

"Shosho Karwirwa," akasema. "Umepotea. Nikupe nini?"

"Nipe kalamu ya kumshinda mtu."

Hakuuliza mtu gani. Ndiyo faida ya watoto waliolelewa buchani, wanajua wakati wa kunyamaza. Akatandaza kalamu tatu juu ya kaunta, akaweka simu yake kando.

"Jaribu mwenyewe. Nikikusifia utasema nataka kuuza."

Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nene kama gunzi la mahindi, yenye rangi nne. Unabonyeza kijani, inatoka kijani. Unabonyeza nyekundu, inatoka nyekundu. Niliibonyeza sana. Nilibonyeza mbili pamoja, zikakwama mlangoni kama wake wenza. Sharifa akanisaidia kuzitenganisha. Kwa juu ilikuwa na mpira mweusi wa kuandikia kwenye kioo. Nikaandika jina langu kwenye simu. Herufi zilitoka zikikatika, Kar, kisha pengo, kisha wa. Nikikandamiza, mpira unabonyea unatandaza mstari kama uji.

"Hii ni ya mtoto wa shule," nikasema.

Ya pili ilikuwa dada wa ile ya Lenah. Rula, pimamaji, bisibisi, kila kitu isipokuwa tochi. Nikaiweka juu ya kaunta, kiputo cha ndani ya pimamaji kikakimbilia upande mmoja.

"Kaunta yako imeinama."

"Najua, shosho. Ndiyo maana sarafu zinakuja kwangu zenyewe."

Ilikuwa na kona kona, inauma vidole. Ncha yake ya mpira ilikuwa ndogo na inaandika vizuri kuliko ile ya kwanza, lakini imefungwa kwa skrubu, na kila ukizungusha kalamu inalegea. Nilipofika kwenye mkia wa g ya Ngwataniro, ncha ilianguka ikabingirika mpaka chini ya kaunta, na Sharifa akapiga magoti kuitafuta kati ya chaja. Nilifurahi sana. Si kwa sababu ya kumpigisha mtoto wa watu magoti. Nilikuwa nawaza ile ya Lenah.

Ya tatu ilikuwa nyembamba, chuma kitupu, nzito kuliko inavyoonekana. Ukiizungusha kushoto inatoa wino mweusi, kulia mwekundu, ukiendelea inatoa penseli. Kazi tatu hizo. Ya nne ilikuwa kichwani: ncha ya kioo, si mpira bali kitambaa kidogo kilichofumwa kwa nyuzi laini za kung'aa. Nikaigusisha kwenye simu. Iliteleza bila kusugua, kama kidole kwenye samli. Nikaandika g. Mkia ukashuka, ukapinda, ukaenda. Haukukatika mahali popote.

Nikaandika nyingine. Sharifa akainama kuitazama. Kisha akasema, "Hii uishike hapa kwenye chuma, shosho. Kioo kinausikia mkono wako kupitia chuma." Lakini mimi wakati huo nilikuwa nazungusha nyeusi, nyekundu, penseli, nyeusi, nyekundu, penseli, na masikio yangu yalikuwa yamekwenda likizo.

Tukapatana bei. Nikairudisha nyumbani ikiwa ndani ya leso, ndani ya pochi, ndani ya kiondo.

Wiki hiyo mke wa mwanangu, Kajuju, hakuwa na simu. Aliyekuwa na simu ni mimi. Mtu akimpigia, namwambia niko kazini. Niliandika Ngwataniro asubuhi kabla ya kukamua, mchana chini ya mti wa makadamia, jioni nikingoja githeri iive.

"Mama, simu imejaa g," Kajuju akasema.

"Zihifadhi. Wajukuu watataka kuziona."

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa, na ni kosa ambalo mwanamke wa nyumba yenye heshima tu anaweza kulifanya. Kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Viti vina vitambaa nilivyofuma mwenyewe, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina sweta, rimoti ina gauni. Usiku wa kuamkia siku ya Gachoki niliitazama ile kalamu ikilala mezani inang'aa, nikaona haya kwa niaba yake. Nikachukua sindano ya kroshia na uzi wa nailoni, wa kijani na mweupe, rangi za kikundi. Nikaifumia nguo ya kuibana, toka karibu na shingo mpaka karibu na mguu, na maua matatu kando. Ilipendeza mpaka nikaicheka. Sikuijaribu tena. Bibi harusi akishavishwa, nani anamrudisha shambani?

Gachoki alifika na mawingu. Alisema ana watu wanamngoja Runyenjes na hataki mvua imkute njiani. Tukakusanyika mbele ya stoo, wamama wote, tukageuza sufuria kubwa juu chini iwe meza. Lenah akatoa kalamu yake kwanza akaipitisha kwa watu, tochi imewaka, mchana kweupe.

Kisha akaiona yangu. "Karwirwa, umeivalisha sweta? Ina homa?"

"Inakwenda kwa wageni. Yako imekuja na nguo za kazi."

"Yako ina kazi ngapi?"

"Nne."

"Yangu sita."

"Ng'ombe wako ana chuchu nne, Lenah, na mbwa wako ana nane. Asubuhi chai unaitia maziwa ya nani?"

Wamama wakaegemeana. Hata Gachoki alitazama pembeni. Lakini Lenah si mtu wa kuanguka kwa neno moja. Aliiweka kalamu juu ya sufuria, akasoma pimamaji, akaagiza jiwe dogo liwekwe upande wa kushoto ili tableti ikae sawa. Nami nilishika jiwe hilo, kwa sababu nilikuwa karibu. Kisha akakaza ncha yake kwa kucha, maana Kithinji alikuwa amemwonya, akaandika.

Sitasema uongo. Jina liliandikika. Herufi zilisimama wima kama zile za ubaoni, nene, zote kimo kimoja, na ncha haikuanguka ingawa niliiombea. Wamama wakasema ni safi. Gachoki akaihifadhi. Nikasikia chaki kooni.

"Mama Mutegi," Mama Mugendi akaniita.

Nikaketi. Nikakunja mkono wa sweta. Nikashika kalamu yangu katikati ya maua yake, nikaiteremsha kwenye kioo nikaanza N.

Kioo kikabaki cheupe.

Nikaanza tena, nikakandamiza. Ilitokea alama moja, ikakatika. Nikainua kalamu nikaitazama, kama mtu anayemtazama mtoto aliyesahau shairi mbele ya wageni.

"Labda imelala," akasema mmoja nyuma.

"Sweta ina joto," akasema mwingine.

Lenah alikuwa amekunja mikono, na shingo yake ilikuwa imerefuka.

"Shosho, mvua," Gachoki akasema kwa upole. "Kama imekataa, nichukue huu wa kwanza. Ni mzuri."

"Muda umekwisha kweli," Lenah akasema sasa. "Tusimcheleweshe mtoto wa watu. Karwirwa atafuta meza."

Atafuta. Alilichagua neno hilo kutoka darasa la tano akaniletea mkononi, likiwa na vumbi lake. Hasira ikanipanda. Nikaikaba ile kalamu shingoni, pale juu ambapo nguo haikufika, kama unavyomkaba kuku, nikaipiga kwenye kioo.

Mstari ukatokea. Mrefu, mweusi, umeenda mpaka ukingoni.

Nikaacha. Nikashika kwenye nguo, nikagusa: hakuna kitu. Nikashika shingo, nikagusa: mstari. Nguo, hakuna kitu. Shingo, mstari. Hapo ndipo nilipomsikia Sharifa ananiambia nishike chuma, sauti yake ikifika polepole kama barua iliyozungukia Isiolo.

"Ngoja," nikamwambia Gachoki. "Huyu amevaa kanzu mtoni."

Nikauma fundo la uzi kwa jino langu zuri, nikaivuta nguo yote, maua matatu na kila kitu, nikaitupa juu ya sufuria. Kalamu ikabaki uchi, inang'aa, baridi kiganjani.

"Mbele ya watu," Lenah akasema. "Mwanamke mzima."

"Funga macho basi."

Hakuyafunga. Nikaandika. Sitaweza kukueleza vizuri, kwa sababu mkono ulikwenda wenyewe. N ilipanda na kushuka kama njia ya kwenda mtoni. Ile g ikakaa, mkia ukashuka, nami nikauacha ukining'inia hapo nikaandika herufi zote zilizobaki, a baada ya t, n baada ya a, zikicheza kama Mwalimu Kithaka alivyosema. Kisha nikarudi kuuchukua ule mkia nikaupitisha chini ya jina zima, bila kuinua, mpaka chini ya o. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye sufuria likalia.

Sisi hatupigi kura za karatasi. Tunapiga mlolongo. Anayemtaka mtu anasimama nyuma yake, mchana, kila mtu akiona, na jioni mtakutana kisimani. Lenah akasimama kando ya mlango wa stoo, mimi kando ya tangi la maji. Wake za wanawe wakaenda nyuma yake, ilibidi. Jirani yake akaenda. Waliobaki wakaanza kuja kwangu, mmoja mmoja, wakipita mbele ya tableti kuangalia tena. Mlolongo wangu ulizunguka tangi, ukatokea upande wa pili. Mmoja wa wakaza wana wa Lenah alijifanya kukwepa mvua, akakwepea kwangu.

Lenah aliuhesabu kwa macho, polepole, kisha akaja mpaka kwenye sufuria. Nilidhani anataka kuangalia mwandiko. Akachukua ile nguo ya kalamu, akaikung'uta maji.

"Hii huihitaji tena."

"Unataka ya nini?"

"Yangu inateleza kifuani," akasema, akaivalisha kalamu yake ya kazi sita. Iliingia kwa shida, maana ina kona. Akaminya nyuma, tochi ikawaka. "Tochi haijali nguo," akasema, na akaenda nyumbani akijimulikia njia, ingawa jua lilikuwa bado lipo nyuma ya mawingu.

Dastikoti zikaja. Gachoki hakukosea hata uzi mmoja. Kalamu yangu sasa inakaa mezani uchi kabisa, na mgeni akiitazama namwambia asione haya, ndivyo inavyopenda.

Tangu shuleni Lenah ametembea mbele yangu. Miguu yake ni mirefu, na mtu mwenye miguu mirefu hupenda uione. Miaka yote nilikimbia nikitweta ili asifike kabla yangu. Siku hizi, tukitoka kupika, namwambia tangulia tu, mama, mimi goti linanisumbua. Goti langu ni zima kabisa.

Amekwisha kugundua. Wiki iliyopita tulitoka harusini na nikaona, kwa mara ya tano sasa, amekata mzigo wa nyasi za ng'ombe kando ya barabara, ameubeba mgongoni kwa kamba ya kichwa, juu ya dastikoti yake safi, kutoka huko mpaka kwake. Ng'ombe wake ameshaanza kunenepa.

Nilimfuata taratibu kwenye ule mlima. Mzigo ulikuwa mkubwa lakini aliufunga kwa haraka, na kila alipokanyaga ulipanda kidogo, na chini yake, juu ya kitambaa cha kijani, ulichungulia mkia wa g.